Keti Kwanza, Ndipo Usalimie

Ukiingia wodi yake saa za kuona wagonjwa, neno la kwanza kulisikia halikuwa karibu. Lilikuwa "Keti kwanza!" Sauti ilitoka popote alipokuwa: nyuma ya pazia, kwenye meza ya dawa, mara nyingine chini ya kitanda alikokuwa amejikunja akikagua miguu ya kitanda hicho. Mgeni ametoka Mang'ula na kapu la ndizi na chupa ya uji, hajamwona dada yake wiki nzima, anafungua mdomo aseme "Poleni," kabla hajamaliza anaamriwa aketi. Ukae kwenye benchi, utulie, ndipo umsalimie mgonjwa wako. Wengi walinuna. Wapo waliotoka wakisema kuna nesi mle ndani ana mdomo. Mimi ndiye niliyetengeneza yale mabenchi, na nakiri kwamba kwa muda mrefu nilikuwa upande wa walionuna, kwa sababu sikujua maana yake.

Tulimwita Sista. Wageni wa mbali walidhani ni mtawa, wakamwomba awaombee, naye alikubali, maana alisema kuombea hakuhitaji sare. Alikuwa na mume, Mungu amrehemu, na watoto waliokua wakajitegemea. Alikuwa inchaji, yaani muuguzi msimamizi, wa wodi ya wanawake katika hospitali yetu hapa Ifakara, baadaye akahamishiwa ya wanaume, na mimi nilikuwa fundi wa karakana. Kazi yangu kwenye karatasi ilikuwa milango, madirisha na paa. Kazi yangu halisi ilikuwa Sista.

Namwandika leo kwa sababu ya goti lake. Amestaafu, anakaa peke yake Lipangalala, goti la kulia limevimba na haliaminiki tena. Kutoka mlango wa nyuma hadi bafuni na chooni ni uwanja wa udongo mweusi, na mvua ikinyesha udongo huo unateleza kuliko sabuni. Binti yake aliyeko Morogoro halali vizuri, na sisi tuliofanya naye kazi tunamwaza kila mawingu yakikusanyika. Mwanamke aliyewazuia watu wa bonde hili wasianguke, mwenyewe hataki kushika kitu. Hataki mkongojo, hataki mkono wa mtu, na ukimsogelea ili umsaidie anakuuliza kama umepotea njia.

Lakini nisikimbilie huko, maana nina mengi ya kumsema na nayasema kwa furaha.

Alichukia vitu vingi vidogo. Alichukia ndala zilizokwisha soli, akazikusanya chini ya vitanda bila kuomba ruhusa na kuwapa wenyewe nyingine. Alichukia kitenge kinachoburuza. Mgonjwa akisimama tu, Sista alishalikunja lile pindo na kulikaza kiunoni kama mtu anayemwandaa bi harusi, huku akimsimulia habari nyingine kabisa ili asione aibu. Aliwafundisha wahudumu kupiga deki nusu ya ukumbi, nusu nyingine ibaki kavu mpaka ya kwanza ikauke. Mhudumu mmoja mpya, kijana mwenye bidii, alitaka kumfurahisha akapiga deki ukumbi wote kwa mara moja, ukang'aa. Sista akasimama mlangoni akautazama.

"Umependeza kweli," akamwambia. "Sasa tueleze, wagonjwa wataruka au wataogelea?"

Vitanda ndivyo vilivyotukutanisha. Kila Jumatatu alipita wodi nzima akikalia kitanda kimoja baada ya kingine, anajirusha kidogo, anasikiliza. Nikimwona anakuja karakana huku amekunja mikono ya sare nilijua kuna kitanda kinacheza. "Fundi, kile cha dirishani kinataka kusafiri." Vile vyenye tairi vilimkera zaidi, kwa sababu breki zilikuwa zimekufa. Akaniambia niziondoe tairi zote. Nikasema vitanda vya hospitali huwa na tairi, ndivyo vilivyo. Akanijibu kwamba kitanda siyo baiskeli, na anayetaka kwenda mjini apande bajaji.

Kisha vikaja vitanda vya msaada. Vilikuwa vizuri, vya chuma kinene, rangi nyeupe, na vilikuwa virefu kwenda juu kwa sababu vilitengenezwa kwa watu wa huko vilikotoka. Mama zetu wakivikalia miguu ilining'inia, haigusi sakafu. Kushuka kulikuwa kujitupa na kuomba Mungu. Sista aliwatazama siku chache, kisha akaja karakana kuniuliza kama nina msumeno wa chuma. Nikamuuliza wa kazi gani. Akasema nije nao tu.

Tulikata miguu ya kitanda kimoja siku ile, tukafunga mipira ya tairi kuukuu chini yake. Akampandisha bibi mmoja wa Idete, mfupi, mnene, mcheshi, akamwambia ashuke mwenyewe. Bibi akashuka, miguu ikakanyaga sakafu, akacheka, akapanda tena, akashuka tena, mpaka wenzake wakaanza kudai zamu zao. Habari zikafika ofisini. Katibu wa hospitali akaja na uso wa msiba.

"Sista, mmekata vitanda vya wafadhili?"

"Hatujakata kitanda hata kimoja. Tumekata miguu."

"Wakija kukagua tutawaambia nini?"

"Wakija watakuta wagonjwa wamelala juu yake. Ungetaka wakute wamelala chini?"

Katibu alikuwa mtu mwema. Akazunguka kile kitanda, akakikalia, akaona miguu yake mwenyewe imekaa sawasawa, maana na yeye hakuwa mrefu. Wiki ile nilikata vingine vyote kwa idhini yake, na wafadhili walipokuja walipiga picha wakaondoka wakiwa wamefurahi.

Sasa nirudi kwenye lile benchi. Kulikuwa na binti wa Kisukuma, mke wa mfugaji wa kule mabondeni, amefanyiwa upasuaji wa tumbo. Alikuwa anaendelea vizuri. Asubuhi moja wageni waliruhusiwa kuingia, na wa kwanza mlangoni alikuwa baba mkwe wake, mzee mrefu mwenye blanketi begani. Yule binti alipomwona hakufikiria mshono wala dripu. Alifanya alivyolelewa kufanya. Aliteremka kitandani ili apige magoti amwamkie mkwe wake. Magoti yalifika sakafuni, mwili uliobaki ukafuata, na stendi ya dripu ikaangukia juu yake. Neno la salamu, "Mwangaluka, baba," alilimalizia akiwa ubavu chini.

Mshono ulishika, ashukuriwe Mungu. Mimi nilikuwa natengeneza kitasa cha mlango na niliyaona yote. Nilitegemea Sista amfokee binti, au amfokee mzee, au atoe amri kuwa wakwe wasiingie. Badala yake alimchukua yule mzee nje, wakakaa ukingo wa veranda, akamwagizia chai. Kisha akamuuliza swali ambalo nisingelifikiria.

"Baba, yule ni mkweo na heshima yake ni lazima aitoe. Wewe unayeipokea, ungekaaje ndipo yeye asihitaji kushuka?"

Mzee alifikiria mpaka chai ikapoa. Akasema: "Nikiwa nimesimama, yeye hawezi kulala. Lakini nikiwa nimeshakaa kabla hajaniona, tena nimekaa chini kuliko yeye, atapiga magoti kwenda wapi? Ataniamkia hapohapo, na mimi nitakuwa nimeamkiwa."

"Hutaona umedharauliwa?"

"Nimekaa kwa hiari yangu. Nani amenidharau?"

Basi ndiyo habari ya mabenchi. Alinitaka niyatengeneze mafupi, mtu akikaa kichwa chake kiwe chini ya cha mgonjwa. Kuanzia hapo aligundua kwamba wagonjwa wake walikuwa wanaanguka kwa adabu. Mzee wa Kindamba aliyevunjika mguu alitaka kusimama kwa ajili ya mchungaji. Mwalimu mstaafu alitaka kusimama kwa ajili ya wanafunzi wake wa zamani. Mama mwenye duka, Mwislamu wa asili ya Pwani, aliona haya kupokea wageni akiwa amelala, akawa anatafuta mtandio na viatu kila mlango ukilia. Hakuna aliyeinuka kwa ukaidi. Wote waliinuka kwa sababu wamelelewa vizuri, na mgeni akishaketi hakuna anayehitaji kuinuka. "Tulia," alikuwa akimwambia mgonjwa anayejikongoja. "Mgeni hajaja kukupima urefu."

Choo nacho alikitazama kwa jicho hilohilo. Mgonjwa akiletwa, swali lake la kwanza kwa ndugu lilikuwa: "Wewe ni nani wake?" Mtu akisema mkwe, Sista alimpa kazi ya jikoni palepale. Alijua kwamba baba mkwe hawezi kumwomba mke wa mwanawe kopo la mkojo. Atavumilia mpaka wote watoke, kisha atajivuta mwenyewe hadi chooni kwa kushikashika ukuta, na huko ndiko watamwokota. Kwa hiyo alimtafutia mjukuu, au kaka, au mgonjwa mwenzake mwenye nguvu. Akikosa, alikwenda mwenyewe, na alijua kuangalia pembeni huku mkono wake ukiwa tayari.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na hasira za ghafla kama mvua ya Machi, na akishasema hakuomba radhi, ila kesho yake ulikuta andazi juu ya meza yako limefunikwa kwa sahani. Aliimba kwaya kwa sauti kubwa na isiyofuata wenzake, na mwalimu wa kwaya alimpanga nyuma kabisa akitumaini ukuta utasaidia. Alipenda kambale wa kukaanga kiasi kwamba mazungumzo yalikatika mpaka amalize kichwa.

Na yeye mwenyewe hakufuata hata moja kati ya amri zake. Nilimkuta amepanda stuli juu ya meza akifuta utando wa buibui. Nilimwona akivuka mtaro uliofurika amebeba baiskeli begani, viatu mdomoni. Ukimpa mkono anausukuma. Nilimwambia siku moja, "Sista, wewe ungekuwa mgonjwa wako ungejifunga kamba." Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. Hakuwahi kufikiri kwamba yale maneno yanamhusu na yeye.

Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni chura. Naomba msicheke kabla sijamaliza. Huyu ni mama aliyeshika damu, usaha na vilio vya watu maisha yake yote bila kukunja uso, na kila masika vyura walipoingia wodini kutafuta ukavu, alipiga yowe. Kuna siku tulikuwa tunatembea ukumbini, ananionyesha mlango unaokwaruza, chura akaruka mbele yetu. Sista alinishika mkono kwa nguvu zote, akasimama kwa ncha za vidole vya mguu mmoja mpaka nilipomtoa yule mnyama kwa ufagio. Akaniachia, akanyoosha sare, akaendelea na habari za mlango. Katika miaka yote ile ndiyo mara pekee aliyonishika mkono.

Alipostaafu tulimfanyia sherehe uwanjani, na wagonjwa walioweza waliletwa nje kwenye viti. Mgeni rasmi alipomaliza hotuba tukasimama sote kumpigia makofi. Yeye, badala ya kulia kama wastaafu wengine, alinyoosha kidole kuelekea wagonjwa waliokuwa wakijiinua nao. "Nyie mnakwenda wapi? Kaeni!" Wakakaa, na sisi tukakaa, tukampigia makofi tukiwa tumeketi. Nadhani hakuna zawadi iliyompendeza zaidi ya hiyo.

Goti lilianza baadaye. Binti yake akanipigia simu.

"Fundi, shikamoo. Nakuomba uongee na mama. Wewe anakusikiliza."

"Marahaba, mwanangu. Hanisikilizi hata kidogo. Huwa ananiagiza."

"Basi mfanyie tu kitu cha kushikia, hata asipokitaka."

Nilianza na mkongojo. Nilichonga wa mninga, mwepesi, kichwa laini kama kiganja, nikampelekea. Akausifu sana, akaugeuza huku na huku. Nilipopita tena niliukuta unazuia mlango wa banda la kuku usifungwe na upepo. "Mti mzuri huu," akaniambia. "Tangu uje, mlango haujagonga." Nikaenda zangu.

Mvua zilipoanza mwaka huu alianguka uani. Jirani alimkuta ameketi kwenye tope na ndoo pembeni, akamsaidia kuingia ndani, kisha akanijulisha. Nilipompigia simu kumpa pole alikataa pole yangu.

"Sikuanguka. Nilikaa."

Nikasikia jirani nyuma yake: "Mama, umeanguka, nimekuona."

"Nilikaa haraka," akasema Sista, akakata simu.

Nilicheka, lakini kicheko hakikudumu. Mifupa ya umri ule ikivunjika, mtu analala, na akilala hali hubadilika upesi. Nimetengeneza vitanda vya hospitali muda mrefu, nawajua waliolala hawakuinuka. Nilimwogopea sana. Sikutaka kumkuta kwenye kitanda nilichokikata miguu kwa amri yake.

Nikapasua mbao, nikazipiga randa, nikazipaka vanishi ya kuzuia maji. Nikapakia nguzo, misumari na mfuko mdogo wa saruji kwenye bajaji, nikaenda Lipangalala mchana, mvua ikiwa imepumzika. Njiani nilipanga maneno mengi ya busara na yote nilijua atayashinda.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa kwenye kiti chake anachambua mchele, ungo mapajani, goti amelifunga kitambaa, na kichwa kimeinama. Nilikuwa nimeshavuta pumzi nipige hodi. Ndipo nikakumbuka kwamba nikipiga hodi nikiwa nimesimama, atainuka. Atainuka kwa sababu amelelewa vizuri, ungo utakwenda huku, goti kule, na mimi niliyeleta mbao ndiye nitakuwa nimemwangusha.

Nikavua viatu, nikakaa chini pale kizingitini, sakafuni, na suruali yangu ya kazi. Nikajiweka vizuri. Kisha nikasema:

"Shikamoo, Sista."

Akainua kichwa. Mikono yake ilishashika mikono ya kiti, mabega yameinamia mbele tayari kunyanyuka. Akaniona nilipo. Akaangalia mlango, akaangalia sakafu, akaniangalia mimi, mtu mzima mwenye mvi nimekaa kizingitini kama nasubiri dawa. Mabega yakarudi polepole kwenye egemeo la kiti. Uso wake ulifanya mambo mengi kwa mpigo mmoja, na sikujua kama atacheka au atanifukuza.

"Marahaba," akasema, akiwa ameketi.

Kisha akacheka mpaka mchele ukamwagika. Alicheka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, na akaendelea kuyafuta hata kicheko kilipokwisha.

"Nani amekufundisha?"

"Kuna nesi mmoja ana mdomo."

Tulikaa hivyo muda mzuri, yeye juu, mimi chini. Akaniuliza habari za watu wa hospitali, nani amehama, nani amezaa, kama bado wanapiga deki nusu nusu. Nikamwambia bado, na kwamba kijana yule aliyeng'arisha ukumbi ndiye anayewafundisha wengine sasa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Baadaye akanyoosha shingo kuangalia nje, kwenye bajaji.

"Zile mbao za nani?"

Maneno yote niliyopanga njiani yalipotea. "Za kwako, Sista. Za kushikia. Kutoka mlango wa nyuma mpaka bafuni."

Akaokota punje za mchele mapajani mwake, moja moja, akizirudisha kwenye ungo. Huko nje, chini ya mtungi wa maji, kitu kililia kwa sauti nzito na kingine kikakijibu. Sista akaacha kuokota.

"Vyura ni wengi mwaka huu," akasema.

"Ni wengi sana, Sista."

"Mtu anaweza kushtuka. Siyo goti. Goti halina neno. Lakini chura akiruka ghafla, hata kijana mzima anahitaji pa kushika."

"Hata mimi ningehitaji."

"Basi weka," akasema. "Kwa ajili ya vyura."

Nilichimba, nikasimika nguzo, nikapigilia mbao mpaka jioni. Alisogeza kiti chake hadi mlango wa nyuma ili anisimamie, na alinisimamia kweli: nimeinua mno, nimeshusha mno, msumari ule umechungulia utachana mtu. Nilipomaliza nikaitikisa ile mbao mbele yake ili aone haichezi. Hakuniamini. Akasema yeye hapokei kitu bila kukijaribu.

Nilisogea pembeni, nikaangalia mtaro wa jirani kama nimeona kitu cha maana kule, mkono wangu ukiwa tayari. Nilisikia kiti kikilia, kisha kiganja kikiishika mbao. Akaenda mpaka mlango wa bafu, akageuka, akarudi, taratibu, bila kuiachia. Nilipogeuza uso alikuwa amefika katikati ya uwanja. Hapakuwa na chura hata mmoja karibu yake.